Miche ya mboga kabla ya masika: kasha, trei, viriba au kununua kitaluni?

Masika yakikaribia, mwenye ndoo kumi barazani na pakiti mbili tatu za mbegu hupewa ushauri wa kila namna. Huyu anamwambia asie kwenye beseni kuukuu, yule anamsifia trei nyeusi za mashimo, wa tatu anamuuliza kwa nini asiende kitaluni akanunue miche iliyokwisha kusimama. Wote wana hoja. Njia ya kufaa hutegemea mizizi ya zao lenyewe na saa ambazo mwenye bustani yuko nyumbani, na haya mawili ndiyo yanayosahaulika zaidi wakati wa kununua vifaa.

Ulinganisho huu ni kwa anayelima kwenye vyombo: ndoo, vyungu, viroba, kwenye baraza, roshani au ua mdogo. Anahitaji miche kumi, ishirini, pengine hamsini. Ushauri mwingi kuhusu miche umeandaliwa kwa mkulima wa eka, anayehitaji maelfu, na hesabu zake hazifanani na zako.

Mambo matano ya kupimia

*Mbegu.* Gramu moja ya mbegu za nyanya ina mbegu kama 300, ya hoho kama 150. Kwa mbegu za kawaida kama Cal J, Tengeru 97 au California Wonder, kupoteza mbegu ishirini si hasara. Chotara (F1), yaani mbegu zilizotokana na kuchavusha aina mbili pamoja, ni ghali, na nyingine huuzwa kwa idadi ya mbegu. Hapo kila mbegu ina thamani.

*Maji na saa zako.* Chombo kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyokauka upesi. Jua la Februari mjini Dar es Salaam humaliza maji ya shimo dogo la trei kabla ya saa saba mchana.

*Magonjwa.* Adui mkuu wa mche mchanga ni kinyausi: shingo ya mche inalegea pale inapokutana na udongo, inakuwa kama iliyochemshwa, mche unalala. Vimelea vyake, hasa Pythium na Rhizoctonia, hustawi kwenye udongo usiosafishwa, unyevu usiokatika na msongamano. Mche ukishaanguka haurudi, kwa hiyo kila njia tunaipima kwa jinsi inavyozuia ugonjwa huu.

*Kuhamishia.* Je, mizizi inakatika au inaondoka mizima?

*Vifaa, udongo na nafasi.* Unachonunua, unachobeba, na mahali unapokiweka.

Yapo mazao ambayo hayamo kabisa kwenye mashindano haya. Karoti na figili zikihamishwa hutoa mizizi yenye matawi na iliyopinda. Bamia ina mzizi mkuu unaochukia kuguswa, na maharage huota haraka kiasi kwamba kuyasia pembeni ni kazi ya bure. Yote hayo yapande moja kwa moja kwenye chombo yatakamokomalia. Mchicha nao mwage tu.

Kasha la kusia

Kreti ya mbao, beseni lililopasuka, dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa ubavu: chochote chenye kina cha sentimita 10 hadi 15 na matundu chini kinafaa. Udongo uliozoeleka vitaluni ni ndoo tatu za udongo wa msituni au wa juu wenye rutuba, mbili za samadi iliyoiva na moja ya mchanga wa mtoni, vyote vikichekechwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache. Samadi iliyoiva haina joto wala harufu kali. Ya kuku ikiwa mbichi huunguza mizizi kwa amonia, na miche hukauka ncha za majani ukidhani ni kiu.

*Mbegu.* Kasha la sentimita 40 kwa 60 huingia mistari saba yenye nafasi ya sentimita 8. Ukitenga mbegu kwa sentimita 2 ndani ya mstari, zinatosha mbegu 140 hivi. Zifukie nusu sentimita hadi sentimita moja. Usichanganye mazao yanayoota kwa kasi tofauti: sukuma wiki huchomoza siku ya 3 hadi ya 6, nyanya ya 5 hadi ya 10, hoho ya 8 hadi ya 14. Nyasi kavu za kufunikia lazima ziondolewe mara mbegu za kwanza zinapochomoza. Ukisubiri hoho, sukuma wiki itakuwa imerefuka chini ya nyasi, nyeupe na dhaifu.

*Maji na saa zako.* Hapa ndipo kasha linapowazidi wenzake. Udongo mwingi hutunza unyevu, na kumwagilia mara moja asubuhi kwa kawaida kunatosha. Siku za joto kali pwani, ongeza kidogo alasiri mapema ili majani yakauke kabla ya usiku.

*Magonjwa.* Na hapa ndipo linaposhindwa. Mizizi yote iko kwenye udongo mmoja, hivyo kinyausi kikianza kwenye mche mmoja hutembea na mstari mzima. Safisha udongo kwanza: uloanishe, ufunike kwa nailoni angavu iliyobana kingo, uuache juani wiki 4 hadi 6. Ukiwa na haraka, upike kwa mvuke ndani ya sufuria yenye kifuniko kwa nusu saa tangu uanze kutoa mvuke juu. Jani halisi la kwanza likitokea (yale mawili ya mwanzo ni majani ya mbegu tu), punguza miche ibaki na nafasi ya sentimita 3 au 4. Tumia mkasi. Kung'oa hulegeza mizizi ya jirani.

*Kuhamishia.* Mizizi itakatika, hakuna namna ya kukwepa. Sukuma wiki, kabichi na vitunguu huvumilia. Nyanya huvumilia zaidi, na ina faida ya pekee: ukizika shina lake hadi karibu na majani ya chini, sehemu iliyozikwa hutoa mizizi mipya. Hoho na biringanya hudumaa wiki nzima au zaidi kabla ya kuendelea. Matango, maboga na tikiti usijaribu. Mwagilia kasha saa mbili kabla, inua mche kwa kijiko pamoja na bonge lake, na ushike jani. Shina likibonyezwa, mche umekwisha.

*Vifaa, udongo na nafasi.* Karibu bure. Lita 29 hivi za udongo zitakazojaza kasha hilo hazipotei, kwani miche ikiondoka bila ugonjwa zinaingia kwenye ndoo za kupandia.

Linamfaa anayetumia mbegu za bei nafuu, anayetoka asubuhi na kurudi jioni, na ambaye mboga zake ni za majani zaidi kuliko za matunda.

Trei za mashimo

Zinazopatikana kwa wingi ni za mashimo 66, 128 na 200. Kwa nyumbani, ya 66 inafaa nyanya, hoho na biringanya, na ya 128 inafaa sukuma wiki, kabichi na chainizi. Ya 200 waachie wenye vitalu, mashimo yake hukauka kabla hujageuka.

Kosa linaloharibu trei nyingi ni kuzijaza udongo wa bustani. Sababu yake inafaa kueleweka vizuri, kwani inahusu vyombo vyote. Maji yakishachuruzika, chini ya chombo chochote hubaki tabaka lililolowa kabisa, na kwa udongo ule ule kimo cha tabaka hilo hakibadiliki, chombo kiwe kirefu au kifupi. Kwenye ndoo ya kimo cha sentimita 30, tabaka la sentimita 3 halina madhara. Kwenye shimo la trei lenye kina cha sentimita 4, tabaka hilo hilo ni karibu shimo zima, na mizizi inakosa hewa. Ndiyo maana udongo mzuri wa ndoo huzamisha miche ya trei. Shimo dogo linataka kitu chepesi chenye nyuzi, na kinachopatikana kwa urahisi ni kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi. Tofali la kilo 5 likiloweshwa hutoa lita 60 hadi 70, na trei moja hutumia lita 3 au 4.

Kokopiti ina mawili ya kuangalia. Makumbi hulowekwa mara nyingi kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo suuza mara tatu hadi maji yaache kuwa na rangi ya chai. Pili, haina chakula. Jani halisi la kwanza likitoka, anza kumwagilia mbolea ya kuyeyuka ya NPK 19:19:19, gramu 1 kwa lita 1 ya maji, mara moja kwa wiki, kisha mara mbili miche ikikua. Miche ya trei inayogeuka manjano wiki ya tatu kwa kawaida haiumwi, ina njaa.

*Mbegu.* Moja kwa kila shimo, haipotei hata moja. Kwa chotara hakuna njia ya kubana mbegu kuliko hii.

*Maji na saa zako.* Mara mbili kwa siku, na mara tatu pwani wakati wa joto. Njia bora ni kunywesha kutoka chini: weka trei kwenye beseni lenye maji ya sentimita 1 au 2 kwa dakika 15, kisha itoe. Kuiacha humo kutwa nzima ukienda kazini ni kuizamisha. Kama hakuna mtu nyumbani mchana, trei itakutesa.

*Magonjwa.* Kila mche una nyumba yake, na kokopiti safi haina vimelea vingi, hivyo kinyausi hakisambai kirahisi. Hatari ni trei iliyotumika msimu uliopita. Isugue kwa sabuni, iloweke nusu saa kwenye maji yenye jiki, sehemu 1 kwa 9 za maji, isuuze, ianike juani.

*Kuhamishia.* Mche unatoka na bonge lake zima, unaendelea kukua bila kujua umehamishwa. Sharti ni kuinua trei kutoka ardhini, iwe juu ya waya au matofali, hewa ipite chini. Mzizi ukifika kwenye tundu na kukuta hewa hukoma, na mingine huchipua ndani. Trei ikilazwa chini, mizizi huingia ardhini na kukatika siku ya kuinua. Sharti la pili ni muda: nyanya kwenye mashimo 128 isizidi wiki 4. Baada ya hapo mizizi hujizungusha, na mche unaweza kutoa ua ukiwa bado na kimo cha kiganja. Mche huo hauzai vizuri.

*Vifaa, udongo na nafasi.* Trei nene hutumika misimu mingi, nyembamba hupasuka mwaka wa kwanza. Trei moja ina upana wa sentimita 28 kwa 54, inaenea hata kwenye kizingiti cha dirisha kipana.

Inamfaa mwenye mbegu za thamani na mtu wa kukaa nyumbani mchana, na anayeweza kushikamana na tarehe.

Viriba na vikopo

Kiriba (mfuko mdogo wa plastiki wa kukuzia mche) cha upana wa sentimita 10 kikiwa kimelazwa, urefu 15, hubeba kama lita 0.4 za udongo. Ndoo ya lita 20 hujaza viriba 45 hivi. Pakiti za maziwa za nusu lita, zikioshwa na kutobolewa matundu manne chini, zinafanya kazi hiyo hiyo, na nchini Kenya zimetumika miaka mingi kukuzia hata miche ya miti. Chupa za maji zilizokatwa nusu zinafaa pia, ila zigeuzie mahali pasipo jua kali, kwani plastiki angavu hupitisha mwanga, na mwani huota ukutani. Vikopo vya gazeti viko sawa ukizika hadi ukingo wa juu. Ukingo ukibaki nje hunyonya maji ya mizizi na kuyapeperusha.

*Mbegu.* Sia mbili kwa kila kiriba, kisha kata iliyo dhaifu. Nusu ya mbegu inapotea.

*Maji na saa zako.* Mara moja kwa siku, na kwenye baridi ya Nairobi ya Julai hata siku moja kwa mbili. Kiriba ni rafiki wa mwenye shughuli nyingi.

*Magonjwa.* Udongo ni ule mchanganyiko wa kasha wa 3:2:1, kwa hiyo usafishe vilevile. Mche ukiugua, kiriba chake unakitoa, wengine wanabaki salama.

*Kuhamishia.* Kwa matango, maboga, tikiti na papai hakuna kinachokishinda. Matango na jamaa zake yahamishe mapema, wiki 2 hadi 3, yakiwa na majani halisi mawili. Hoho inayohitaji wiki 6 hadi 8 hukaa humo kwa raha. Sogeza viriba kila wiki mbili ili mizizi isizame ardhini. Siku ya kupanda chana plastiki yote kwa wembe na uiondoe. Wapo wanaokata kitako tu na kuuacha mfuko, na mizizi inabaki imebanwa humo msimu mzima.

*Vifaa, udongo na nafasi.* Udongo ndio gharama. Viriba 45 vilivyomwagiliwa vina uzito wa kilo 20 na ushee, na kuvipandisha ghorofa ya nne ni kazi.

Miche ya kununua kitaluni

*Mbegu.* Hazikuhusu, lakini aina nayo huioni. Mche wa hoho na wa pilipili kali hutofautishwa kwa shida wakiwa wadogo. Uliza jina la aina na tarehe ya kusiwa. Mwenye kitalu makini huwa na majibu hayo, na mara nyingi hata pakiti ya mbegu anayo.

*Maji na saa zako.* Umenunua wiki 4 hadi 8 za uangalizi. Kwa wengi hiyo peke yake inatosha kulipia bei.

*Magonjwa.* Hapa pana umakini wote. Geuza majani: ukiona vijidudu vyeupe vinaruka, ni inzi weupe, wanaoeneza virusi vya kukunjamanisha majani ya nyanya, na virusi hivyo havina dawa. Chomoa mche mmoja: mizizi iwe myeupe. Vinundu kwenye mizizi ni minyoo fundo, nao wakishaingia kwenye udongo wa vyombo vyako kuwatoa ni taabu. Michirizi myeupe au mabaka yaliyotobolewa ndani ya jani la nyanya yaweza kuwa kantangaze, kiwavi wa nondo anayechimba ndani ya jani. Ukishanunua, itenge miche na mingine siku 5 hadi 7.

*Kuhamishia.* Ikitoka kwenye trei, vizuri sana. Iliyong'olewa na kufungwa mafungu kwa kamba inafaa kwa sukuma wiki, kabichi na vitunguu, ikipandwa jioni ile ile. Njiani ifunike, upepo wa bodaboda hukausha majani kuliko jua.

*Vifaa, udongo na nafasi.* Hakuna cha kununua wala cha kuhifadhi. Chagua mche mfupi wenye shina la unene wa penseli nyembamba na majani halisi manne au matano. Mche mrefu wenye maua usikuvutie, umechelewa.

Miche ikiwa tayari, popote ilikotoka

Siku 7 hadi 10 za mwisho ni za kuzoesha. Punguza maji bila kuacha miche inyauke, na ongeza jua kidogo kidogo, ukianza na jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili. Mche uliotoka kwenye neti ya kivuli na kuwekwa kwenye jua la saa sita huungua mabaka meupe. Panda jioni. Nyanya moja inataka ndoo ya lita 15 hadi 20, hoho na sukuma wiki lita 10, zote zikiwa na matundu matano au sita ya sentimita moja chini. Kando ya pwani na kaskazini mwa Tanzania, ukilenga kupanda katikati ya Machi, sia hoho kati ya katikati ya Januari na mwanzo wa Februari, nyanya, kabichi na sukuma wiki katikati ya Februari, matango mwishoni mwa Februari. Nyanda za baridi ongeza wiki moja au mbili. Nyanya iliyo wazi kwenye mvua za Aprili hupatwa na bakajani, ugonjwa wa mabaka ya majani, hivyo iweke chini ya mwavuli wa paa.

Kwa hali yako

Ukiwa kazini tangu asubuhi na hakuna wa kukumwagilizia: viriba kwa mboga za matunda, kasha kwa mboga za majani.

Ukiwa na pakiti ya chotara yenye mbegu chache: trei ya mashimo 66. Hata kama hujawahi kuitumia, nusu trei inatosha kuanzia.

Ukitaka nyanya na hoho chache tu, tatu tatu: nunua. Kuandaa udongo, kusia na kulinda kwa wiki nane kwa ajili ya miche sita hakulipi, isipokuwa kama kazi yenyewe inakupendeza, na hiyo ni sababu halali kabisa.

Ukitaka aina ambayo vitalu vya kwenu havina: sia kwenye kasha dogo, kisha miche ikiwa na majani halisi mawili ihamishie kwenye viriba. Njia hii ya hatua mbili inabana nafasi mwanzoni na kuokoa mizizi mwishoni, na inaifaa nyanya kuliko zao lolote, kwani kila inapohamishwa unaizika zaidi.

Ukiishi ghorofani bila udongo: trei na kokopiti, uzito wake unabebeka kwa mkono mmoja.

Ukipanda matango au maboga: kiriba, au mbegu mbili moja kwa moja kwenye ndoo ya mwisho.

Ukiwa umechelewa na mvua imeshaanza: nunua nyanya na hoho, na wiki hiyo hiyo sia sukuma wiki kwenye kasha chini ya upenu, mahali matone makubwa hayafiki.